Meza Aliyoikataa Wamucii

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na kifua hiki kilichojaa maji kinanidai pumzi kabla sijamaliza ninalotaka kusema. Fabian, wewe ndiwe mkubwa, kaa pale nikuone uso. Bridget, ongeza mto hapa mgongoni, nikilala chali nazama. Na wewe Khaemba, ndugu yangu wa tumbo moja, toka hapo mlangoni ulipokaa kama mtu aliyeleta barua ya harambee, vuta kiti uje. Najua umekuja kuniaga. Mimi nimekuita kwa jambo lingine, nalo ni lako, na nitalisema mbele ya watoto hawa ukiwa umekaa papo hapo unasikia, kwa sababu nimeziona dalili zako, nazijua zinakotoka na zinakokwenda, na sitaki nitangulie leo halafu wewe unifuate kwa njia ya mkato.

Vya dunia kwanza, ni vichache, visituchelewashe. Shamba la Kimilili ni lenu wawili, na mpaka ni ule mfereji ambao baba yenu, marehemu Wechuli, aliutembea kwa miguu yake wazee wakishuhudia. Fabian, usije ukaamka siku moja ukaukuta mfereji umehama wenyewe. Bridget, mtu asikwambie eti wewe uliolewa huna sehemu. Cherehani ni yako, ina ukaidi, ipake mafuta na uisemeshe vizuri. Ile sufuria kubwa chini ya kitanda si yangu wala si yenu, ni ya akina mama wa hapa Kaloleni, huja kukaa kwangu kati ya msiba mmoja na mwingine. Nikishazikwa ipelekeni nyumba watakayowaambia. Kibanda changu cha soko la Kibuye na ile meza ya mvule nitavitaja baadaye, kwa maana vina mwenyewe.

Sasa sikilizeni hili, na msinikatize, nikikatizwa sitapata pumzi ya kuanza upya. Mnakumbuka ile siku niliyowaita kama hivi, baba yenu akiwa ameshalala kaburini mvua mbili tatu? Sikuwa naumwa mwili. Nilichinja jogoo, nikasonga ugali wa wimbi, nikawaketisha hapa hapa. Fabian nikakupa bakora ya baba yako. Bridget nikakupa vitenge vyangu vyote vizuri na ile Biblia ya Kibukusu. Nikawausia mpendane, mkae vizuri na watu, msisahau nyumbani. Fabian ukanirekodi kwa simu. Bridget ukanipiga picha ukaituma kwenye grupu la ukoo, na watu wa ukoo wote, hata wale wasiojibu salamu, wakaandika Amina, Amina, mama ana hekima, anapanga mambo yake mapema, si kama wazee wanaowaachia watoto vita. Mkabeba zawadi zenu, mmoja Eldoret, mwingine Nakuru, mkaenda mmefurahi.

Wanangu, ule haukuwa wosia. Nilikuwa naaga. Nilikuwa nimeamua kufa kwa mkono wangu mwenyewe, na mlipofunga huo mlango mkaenda, nilifurahi kwamba nimewalisha vizuri mara ya mwisho.

Bridget, kaa. Usitoke nje kulia, lia hapa hapa. Sisemi haya kuwalaumu, wala mimi sijilaumu, maana mtu hajilaumu kwa malaria. Kwetu mzee akianza kugawa vyake, watu huinamisha vichwa wakapokea kwa mikono miwili, na kumuuliza kwa nini unagawa leo ni kama kumwombea kifo. Heshima ndiyo iliyowafunga midomo. Mlinipa heshima yote ambayo mtoto humpa mama yake, na katikati ya heshima hiyo mimi nilikuwa nazama mkiniona.

Hata kunitoa sokoni mlinitoa kwa mapenzi. Mkasema, mama umefanya kazi miaka mingi, umekung'uta mitumba ya watoto mpaka vumbi limekuingia kifuani, sasa pumzika. Mkaninunulia kochi na televisheni. Nikapumzika. Nikapumzika mpaka nikasahau kuchana nywele. Asubuhi nilikuwa nasikia wanawake wakipita hapo nje na mizigo yao kwenda Kibuye, wakicheka yale mambo yao ya kipuuzi, na roho yangu inataka kutoka iwafuate lakini miguu haitoki kitandani. Upande wa Wechuli wa kitanda ulikuwa umebaki na shimo lake, nami sikutaka kulilalia wala kulitandika. Chakula kikawa hakina ladha. Usingizi ukawa unanikimbia kabla jogoo hajawika, unaniacha na mawazo. Majirani walinipenda, wakaniambia Mama Fabian jikaze, wewe ni mtu wa kanisa. Wengine walisema ni uzee tu, uzee ndivyo ulivyo. Wengine walisema nimetupiwa kitu. Na ule ugonjwa wenyewe ulikuwa ukiniambia, kwa sauti kama yangu kabisa, kwamba mimi ni mzigo kwa watoto wangu, kwamba nikiondoka mtapumua. Ni uongo, lakini ukiusikia kila asubuhi peke yako, bila mtu wa kubishana nao, unageuka ukweli. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilificha kwa kutabasamu.

Aliyeniona ni mtu ambaye sikuwa na haja anione. Mnamkumbuka Wamucii, yule mama wa Murang'a aliyeuza mapazia kando ya kibanda changu. Tangu siku nilipomjua tulikuwa tunagombania mpaka. Mimi naweka turubai langu, yeye anaweka lake limenikalia kidogo, mimi nasukuma, yeye anarudisha, tunaanza kwa Kiswahili cha adabu, hasira ikipanda kila mmoja anarudi kwa lugha ya mama yake, na wateja wanaacha kununua wanasimama kusikiliza. Hata baada ya ile fujo ya uchaguzi, alipokimbia akakaa kwao muda mrefu, siku aliyorudi hatukusalimiana. Tuligombana juu ya nafasi kabla hajafungua mzigo, na hapo ndipo nikajua amerudi kweli. Na katika vitu vyangu vyote alikuwa akiitamani meza, ile baba yenu aliyoniundia kwa mvule. Kila mwaka ananiambia niuzie. Kila mwaka namwambia utaipata nikifa.

Basi baada ya kuwaaga ninyi, nikaenda Kibuye Jumapili, soko limejaa mpaka barabarani. Nikamwambia, Wamucii, meza chukua, nakupa. Na mpaka sogeza, chukua na kwangu, mimi sirudi. Mwanamke yule aliitazama meza, akanitazama mimi, akaitazama tena meza. Mtu mwingine angesema asante dada, Mungu akubariki. Yeye alisema, Nasipwondi, wewe hujawahi kuniachia hata upana wa kidole, leo unanipa meza? Hiyo meza siitaki. Nikamsihi. Akasema nimesema siitaki, tena usinitabasamie hivyo. Akafunika mapazia yake, wateja wamejaa, siku yenyewe ya kuuza, akanishika kwa mkono wa sweta kama mwizi wa kuku, tukatembea mpaka hapa Kaloleni bila neno. Akakaa kwenye hilo kochi mlilonunua. Akaniuliza, unataka kujiua?

Hivyo tu, bila kuzunguka. Watu hudhani ukimuuliza mtu swali hilo unamfundisha. Wanangu, hakunifundisha kitu, nilikuwa nimeshajifundisha mwenyewe. Alichofanya ni kuufungua mlango niliokuwa nimeuegemea kwa ndani. Mimi ambaye sikuwa nimelia tangu mazishi, nililia mpaka nikatapika. Hakunihubiria. Hakusema fikiria watoto. Alivua viatu vyake akasema, basi mimi leo siendi mahali.

Kesho yake alinipeleka hospitali, upande ule wa magonjwa ya akili ambao watu hupita haraka wakifunika nyuso wasionekane na jamaa. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko Bridget. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mama, huu ni ugonjwa, una jina na una dawa, na uzee si sababu ya kuachwa bila matibabu. Lakini dawa yenyewe haina haraka, mwanzoni ilinikausha mdomo na kunipa usingizi, ningeiacha, kama si Wamucii kupita hapa kila asubuhi akienda sokoni, ananisimamia kama askari jela: umemeza? Toa ulimi nione. Hakuwaambia ninyi kwa sababu nilimwapisha, na hilo nalo halikuwa sawa, mngepaswa kujua. Kisha siku moja akaniambia vaa tuende. Nikafika nikaikuta meza yangu mahali pake, na turubai lake limevuka mpaka limeingia kwangu kama kwamba mimi nimeshaoza. Nikainama nikalisukuma. Nikamtukana. Yule mwanamke alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Mimi nikiwa bado nimeshika turubai nikasikia njaa, njaa ya kweli, nikaagiza chapati na maharagwe.

Sasa Wamucii amelala kaburini kwao Murang'a, nami sipitishi asubuhi bila kumkumbuka. Watu husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wangeongeza kwamba huyo rafiki anaweza kuwa hasimu wako, maana anayekupenda anakuamini unaposema uko sawa, lakini anayekugombeza kila siku anajua siku ulipoacha kujibu.

Nipe maji, Fabian. Kidogo tu, nilowanishe ulimi.

Sasa mtazameni mjomba wenu. Hapana, mtazameni vizuri, msiangalie sakafu. Mwezi uliopita alikuletea redio yake, Fabian, ile aliyokataa kumwazima hata kaka yake, ukapokea kwa mikono miwili. Suti yake ya reli, ya siku aliyostaafu, ameipa kanisa, na wazee wa kanisa wamesimama mbele wakashuhudia kwamba mzee Khaemba ameokoka kweli, ameacha vya dunia. Tangu Naswa mkewe afe, anakula kwa kusukumwa. Ogola kinyozi amekuja kuniona, anacheka, anasema mama, siku hizi mzee wenu amekuwa mpole, timu yake ya Ingwe imefungwa na sisi watu wa timu ya Gor tukamwimbia mlangoni, naye akasema tu ni sawa. Ogola alidhani ananiletea kichekesho. Khaemba huyu, aliyewahi kukataa kunyolewa mwezi mzima kwa sababu ya goli moja, anasema ni sawa! Nilikosa usingizi. Halafu juzi akaja yeye mwenyewe, akaniomba msamaha kwa ule ugomvi wa ng'ombe wa baba, ambao hata mimi nilikuwa nimeusahau, akaniachia ufunguo wa nyumba yake, eti huenda ukahitajika. Nikamuuliza. Akasema, mimi? Niko sawa, dada. Nami nilisema niko sawa mpaka siku ile ya Kibuye.

Khaemba, unamkumbuka baba mdogo Waswa. Tulikuwa watoto alipojiua, tukaambiwa tusilie. Alizikwa bila wimbo, haraka haraka, kama watu wanaoficha kitu, na mpaka leo hakuna mtoto katika ukoo aliyepewa jina lake. Kila mtu aliogopa lisije likamfuata mtoto. Mama alikaa jikoni akikaanga kitu ambacho hakikuwepo kwenye sufuria. Nilipokuwa mgonjwa nilikuwa nikimwota, amesimama kwa mbali, hata huko aliko hana wa kukaa naye. Namkumbuka sana yule mtu. Alikuwa anatubeba mabegani wote wawili, wewe bega hili na mimi hili. Basi wanangu, mtoto wa kiume atakayezaliwa kwenu, mwiteni Waswa, na mkiulizwa semeni ni amri ya Nasipwondi. Na kuna methali naifuta katika nyumba hii leo: ile inayosema msiba wa kujitakia hauna kilio. Una kilio. Aliyeisema hakumjua Waswa, wala hakuwahi kuamka na asubuhi zile.

Hii ndiyo mirathi yenu basi, ninyi wawili: ninawarithisha mtu. Fabian, huyu ndiye aliyekuvisha nyama ya ng'ombe shingoni, kama mila yetu inavyomtaka mjomba, ulipotahiriwa, ukatembea nayo kijiji kizima umevimba kichwa, kwa hiyo deni la mjomba unalo, na mimi nataka ulilipe angali hai. Kesho, kabla hamjanipangia chochote, hata kama nitakuwa nimekata roho, mpelekeni hospitali. Mwili unaweza kungoja, mimi nitangoja, sina pa kwenda. Mkinizika kabla hamjampeleka, mmenizika bure. Mrudishieni redio yake. Kumrudishia zawadi si kumvunjia heshima. Pitieni nyumba yake mwondoe vitu vya hatari, bila kelele na bila kumwaibisha. Na mjue msiba ukiwa na watu hakuna hatari, hatari inakuja viti vikirudishwa kanisani na turubai likishushwa, kila mtu akirudi kwake. Siku hizo mmoja wenu alale kwake, na mkishikwa na kazi mwiteni Ogola, amtanie mpaka akasirike. Dawa akipewa, mtu amwone akimeza. Akisema amepona asiziache mpaka daktari aseme.

Na msimpumzishe. Kibanda cha Kibuye ni chake, na meza ni yake. Jirani yake atakuwa Lorna, binti ya Wamucii, ameurithi ule mdomo wa mama yake mzima mzima na turubai limeanza kuvuka. Khaemba, nenda ukagombane. Hujui kuuza nguo za watoto, najua, utazikunja kama gazeti, lakini utajifunza, na wanawake wa pale watakucheka mpaka ukome.

Ndugu yangu, nikwambie jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kukwambia. Mimi nilitaka kwenda wakati sikuitwa. Sasa nimeitwa, na ninatamani kubaki. Ninatamani vibaya sana. Ningepewa asubuhi moja tu, nishuke pale sokoni umande haujakauka, harufu ya omena inakuja na upepo wa ziwani, nifungue mzigo wa nguo nisizozijua, nikung'ute kigauni cha mtoto na kukiinua juu nione kama kina tundu. Ningemshika mteja mkono. Kati ya siku ile ya Wamucii na leo nimeona wajukuu, nimeona Bridget akipandishwa cheo, nimekula samaki wengi tu, nimegombana sana. Vyote hivyo nilikuwa karibu kuvitupa kwa sababu ugonjwa ulinidanganya kwamba havipo. Vilikuwepo, vilikuwa vinangoja. Na vyako vipo, Khaemba, hata kama leo huvioni, na huvioni kweli, sikulaumu.

Pumzi inaisha. Nimebakiza swali moja, lile lile nililoulizwa mimi. Unataka kufa, ndugu yangu?

Niangalie mimi.

Nitangoja... Bridget, usimjibie. Mwacheni.

Umesema nini? Sema tena, masikio yangu yanavuma... Ndiyo. Mmesikia, wanangu? Amesema ndiyo. Amesema amechoka na asubuhi. Asante, Khaemba. Asante, mtoto wa mama yangu, hujasema neno zito kuliko hilo maisha yako yote. Fabian, usimwambie ajikaze. Usimwambie kitu. Kaa naye tu.

Sasa naweza kuwabariki... Wazee wetu walikuwa wakitemea mate kifuani, mimi yangu yamekauka, pokeeni hii pumzi iliyobaki. Wele Khakaba, mgawaji wa vyote, awape... awape meza zenye watu. Awape majirani wabishi. Mzeeke wote, mzeeke mkiulizwa... mkijibu ukweli...

Bridget, mkono wako una joto. Niachie sasa. Niachie, mwanangu, mimi nimeshashikwa vya kutosha... Mshike mjomba wako.